Presha ya Siku ya Kliniki

Wateja walimwita Taratibu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mteja akija mbio kudai suti yake, akaanza kupayuka tangu mlangoni, fundi aliinua kichwa kutoka kwenye meza ya kukatia, akaiweka chaki nyuma ya sikio, akasema, "Taratibu, ndugu yangu. Kaa kwanza, pumua, halafu nigombeze vizuri." Mteja alikaa, na mara nyingi akasahau alichokuja kugombea. Hakuna aliyewahi kumsikia fundi huyo akipandisha sauti, hata siku paka wa jirani alipozalia juu ya kitambaa cha suti ya bwana harusi. Alimsubiri amalize kuzaa, akamhamishia kwenye boksi la nyuzi, kisha akatuma watu wamtafutie kitambaa kingine cha rangi ileile.

Mkewe, Mama Pini, alikaa dirishani akitia vifungo na kushona mapindo kwa mkono. Binti yao wa pekee waliwahi kumwita Pini kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na jina likamganda mpaka akawa mwalimu wa sekondari katika mji mwingine. Karibu na mlango ilikuwapo cherehani ya fundi wa tatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, na aliyekaa naye nusu saa hakuuliza kwa nini. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukivuka pazia, upo sebuleni.

Taratibu alikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao Redio aliuita pasi ya mwisho. Nguo ikikamilika, aliitundika tu. Hakuinyoosha mpaka amwone mwenye nguo anavuka barabara. Hapo ndipo alipoilaza mezani, akaitandikia kitambaa chenye maji, akaigandamiza kwa pasi ya moto. Mshono uliopinda kidogo ulilala. Bega lililovimba lilitulia. Mteja alipojitazama kwenye kioo alijiona bwana mkubwa. Nguo ikifuliwa mara mbili, mshono uliinuka tena, lakini wakati huo mtu alikuwa ameshaizoea suti yake na mapungufu yake.

"Huu ni wizi, kaka," Redio alimtania.

"Mgeni akija kwako hufagii?"

"Nafagia."

"Basi niache na mimi nifagie."

Presha ya Taratibu iligunduliwa kwa bahati tu. Mama Pini alikwenda zahanati na mafua yasiyoisha, mumewe akamsindikiza. Nesi, ambaye siku hiyo hakuwa na wagonjwa wengi, akamwambia, "Na wewe baba, lete mkono." Akaufunga mkanda, akaujaza upepo, akasoma. Akaujaza tena, akasoma tena, kisha akamwita mwenzake aje kuona.

"Mia na tisini kwa mia na kumi na mbili," alisema. "Baba, kichwa hakikuumi?"

"Hata kidogo."

"Huoni kizunguzungu? Macho je?"

"Asubuhi hii nimetia uzi kwenye sindano mara moja tu, ukapita."

"Basi umekuwa ukitembea na moto huu bila kujua. Punguza chumvi. Na dawa hizi utameza kila siku. Iwe unaumwa, iwe huumwi."

"Chumvi nimeshaila nyingi, dada yangu. Hizi mvi unafikiri ni unga?"

Chumba kizima kilicheka, na Mama Pini akacheka pamoja nao, kwa sababu mume aliyeweza kutania namna ile hakuonekana mgonjwa.

Alimeza kwa wiki tatu. Vidonge vilimpeleka chooni kila baada ya muda mfupi, na mkataji akiacha meza katikati ya vipimo hurudi amesahau alipoishia. Siku moja alirudi kutoka chooni akakata kola mbili badala ya moja. Akakusanya vidonge akavitia kwenye kopo la vifungo vilivyovunjika. "Mimi siumwi, Mama Pini. Kinachoniumiza ni hii dawa."

Mama Pini hakubishana naye. Alikuwa anamwona: anakula, anafanya kazi, analala. Angeanzia wapi kumwambia mtu mzima kama yule kwamba ni mgonjwa?

Ilipokaribia tarehe ya kurudi kliniki, alimuuliza, "Sasa utawaambia nini wale?"

Taratibu akamtazama kwa jicho la utundu, jicho ambalo zamani lilimfanya Mama Pini akubali kuolewa naye. "Tutaipiga pasi," akasema.

Wiki moja kabla ya tarehe akaanza kumeza, asubuhi na jioni, bila kukosa. Siku yenyewe akaoga, akavaa shati lililonyooka, akamnyooshea nesi mkono kama mtu anayetoa zawadi. Mia na thelathini kwa themanini na mbili. Nesi aliwaonyesha wagonjwa wengine waliokuwa kwenye benchi. "Mnamwona baba huyu? Huyu ndiye anayefuata masharti." Njiani kurudi, mume na mke walicheka kama wanafunzi waliofaulu mtihani kwa kuchungulia.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba. Kila baada ya miezi mitatu Mama Pini alitia alama kwenye kalenda, akarudi nyuma siku saba, akatia alama nyingine. Asubuhi ya alama hiyo aliweka vidonge kwenye kisahani kando ya kikombe cha chai. Yeye ndiye aliyehesabu siku, yeye ndiye aliyevitoa kwenye kopo, yeye ndiye aliyevirudisha baada ya kliniki. Ilikwenda hivyo kwa miaka minane. Daftari la kliniki likajaa namba nzuri, zimepangana kama mishono ya cherehani mpya. Hakuna daktari aliyeongeza dawa wala aliyeibadili. Kwa nini aibadili, nayo inafanya kazi vizuri kiasi hicho?

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza Taratibu aliacha kuweka chaki nyuma ya sikio, akawa anaitafuta huku ameishika. Kisha akaanza kuchukia kelele. Redio akipiga soga, alimwambia anyamaze. Redio alidhani ni utani, akaendelea. Fundi akamrushia kibweta cha pini.

"Kaka, leo umeamkia upande gani?" Redio aliuliza huku akiokota pini moja moja.

"Upande ambao wewe haupo."

Redio alicheka peke yake. Siku hizo bado walikuwa wanalifanyia mzaha. Mteja mmoja mnene alipokuja kupimwa, Taratibu alimzungushia futi ya kupimia kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Hapa tutahitaji futi mbili." Mteja alitoka hajaaga. Mama Pini alimfuata mumewe nyuma ya pazia. "Baba Pini, umesema nini kile?" Akamtazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi asiyowahi kufika. "Nimesema ukweli. Au yeye hana kioo kwao?" Hakuwa na haya usoni hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mkewe, maana mume wake alikuwa mtu wa haya kuliko watu wote aliowajua.

Kisha akaja na machozi. Alilia kwa sababu uzi umekatika. Dakika tano baadaye alicheka kwa sababu uzi umekatika.

Watu wakaanza kutoa tafsiri, kila mtu yake. Dada wa Taratibu alimwambia Mama Pini, "Wifi, mwanamume akikuchoka huwa hivi. Usijidanganye." Jirani alisema amerogwa na mafundi wa ng'ambo ya pili ya barabara. Redio alisema ni uzee, ingawa fundi alikuwa na miaka hamsini na sita tu. Mama Pini aliamini ya wifi. Kwa mwezi mzima alipekua mifuko ya suruali za mumewe akitafuta alama ya mwanamke mwingine. Alipata chaki, vipande vya uzi, na siku moja kipande cha mkate ambacho mumewe alikificha kama mtoto. Alikaa kitandani na kile kipande mkononi, na akatamani sana angekuwa amepata barua ya mwanamke. Kama ni mwanamke, angejua la kufanya.

Siku iliyovunja nyumba ilikuwa ile wazazi wa mchumba wa Pini walipokuja kujitambulisha. Taratibu alikaa kimya kwa saa nzima, mpaka mkewe akaanza kupumua. Ghafla akamnyooshea kidole baba wa kijana. "Koti lako," akasema, "limeshonwa na kipofu." Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitambaa cha meza. Hakuna aliyemfuata katika kicheko hicho. Wageni waliaga kwa adabu kubwa mno, na baada ya ziara ile uchumba ulipoa, ukafa bila mtu kutamka kwamba umekufa.

Pini alifungasha begi lake siku iliyofuata. "Mama, sitaki kusema hivi, lakini baba amekuwa mtu mbaya."

"Si mbaya, mwanangu. Amechoka."

"Watu wangapi wanachoka mama, na hawatukani wageni?"

Mama Pini alipomwona binti yake akitoka bila kumuaga baba yake, alijiapia jambo moja moyoni: atajua mumewe amepatwa na nini, na atamrudisha. Atamrudisha yule aliyemsubiri paka amalize kuzaa, amkabidhi mkononi kwa Pini, aseme, huyu hapa baba yako, yule mwingine hakuwa yeye. Kwa siku nyingi baada ya hapo aliamka kwa nguvu ya kiapo hicho tu.

Kazi ya shule ndiyo iliyowapeleka hospitali. Ilikuwa ya suruali arobaini za sare. Mkataji wa suruali hukunja kitambaa kiwe tabaka mbili kabla ya kuweka kiolezo, ili kila mkato utoe mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mwanafunzi wa ushonaji hujifunza hilo siku ya kwanza, kabla hata hajaruhusiwa kushika mkasi. Taratibu alikata asubuhi nzima, kwa kasi ambayo haikuwa yake, na Redio alipoanza kuunganisha vipande alivigeuza huku na huku, akaenda dirishani kwenye mwanga, akarudi.

"Shemeji," alimwita Mama Pini kwa sauti ya chini, "hebu njoo. Yote haya ni miguu ya kushoto."

"Yote?"

"Yote themanini. Hakukunja kitambaa."

Walisema chinichini, lakini chumba kilikuwa kidogo. Taratibu alisimama. "Nani amegeuza vipande vyangu?"

"Hakuna aliyegeuza, Baba Pini. Kaa kwanza, tutaangalia pamoja."

"Wewe! Wewe ndiye unayenigeuzia vitu! Chaki unaficha, futi unaficha, sasa unanigeuzia kazi nionekane mwendawazimu!"

Pasi ilikuwa mezani, ya moto. Mama Pini aliuona mkono wa mumewe ukiiendea, akadhani anataka kuizima. Iliporushwa alikinga uso. Chuma kilimparaza kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, kikapiga ukuta, kikaanguka juu ya miguu ya kushoto themanini, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa. Redio, ambaye kwa mara ya kwanza tangu afahamike hakuwa na la kusema, alimkumbatia fundi kwa nyuma na kumshikilia mpaka akalegea.

"Nani amemchoma mama?" Taratibu aliuliza baadaye, akiutazama mkono wa mkewe kwa huruma ya kweli.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia maelezo. Alimpima Taratibu, akamuuliza maswali, akampeleka kupigwa picha ya kichwa. Picha zilipokuja alizitundika kwenye mwanga na kuzitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua daftari la kliniki, akageuza kurasa, akarudi kwenye picha, akarudi kwenye daftari.

"Kuna kitu sikielewi," alisema. "Picha hii inaniambia mtu huyu ameishi na presha kubwa miaka mingi. Daftari linaniambia presha yake ni nzuri kuliko yangu. Kimoja kati ya hivi viwili kinadanganya, na picha sidhani."

Taratibu alimtazama mkewe. Kwa kitambo kile macho yake yalikuwa yale ya zamani, yenye akili na utundu, na yalimwambia waziwazi: nyamaza. Mama Pini alihisi kidonda cha mkono kikimpwita chini ya bandeji. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Walikuwa wamenyamaza pamoja miaka minane, na katika ukimya huo kulikuwa na kitu kitamu, kitu cha wawili tu.

"Alikuwa anameza wiki moja kabla ya kliniki," alisema. "Baada ya hapo anaacha. Mimi ndiye niliyekuwa namhesabia siku."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Umeniuza," Taratibu alisema taratibu kabisa. "Mama Pini, umeniuza mbele ya mtoto mdogo."

Daktari hakuwagombeza, na Mama Pini alitamani angegombeza. Alivuta kiti karibu yao. "Mama, nitakueleza kwa lugha ya kawaida. Ubongo unalishwa na mishipa midogo kuliko nyuzi zenu. Presha ikiwa juu miaka yote, mishipa hiyo inapigwa kila moyo unapodunda. Kuta zake zinakakamaa, zinachanika, zinavuja. Vitu ambavyo havikutakiwa kutoka kwenye damu vinapenya vinaingia kwenye ubongo. Sasa ubongo una walinzi wake, chembe ndogo ambazo kazi yake ni kusafisha na kulinda. Wakiona uchafu huo wanaamka, wanapigana. Wakiamka siku moja ni jambo jema. Wakiwa macho miaka minane, wanaanza kuwapiga wenye nyumba. Ubongo unavimba na kuwaka kwa ndani, kidogokidogo, bila maumivu, na sehemu zinaanza kufa. Haya madoa meupe unayoyaona hapa."

Mama Pini aliyaona. Yalikuwa mengi, kama mavumbi ya chaki kwenye kitambaa cheusi.

"Mengi yapo kwenye njia zinazokwenda sehemu ya mbele," daktari aliendelea. "Hiyo ndiyo inayotuzuia kusema kila kinachotujia. Inatupa subira, inatupangia kazi, hili kwanza, lile baadaye. Bado tunajifunza mengi kuhusu jambo hili, sitakudanganya. Lakini hasira zake, vicheko vyake, zile suruali, sidhani kama ni tabia. Ni ugonjwa."

Si tabia. Mama Pini alilishika neno hilo kama mtu aliyekuwa anazama. Hakuchokwa, hakuna mwanamke, hakuna mchawi wa ng'ambo ya barabara. Mume wake hakuwa mbaya.

"Akimeza kila siku atarudi alivyokuwa?"

"Tuanze. Baada ya miezi sita tutaangalia."

Mama Pini alitaka kusikia ndiyo, na alivyotaka ndivyo alivyosikia. Alipofika nyumbani alimpigia simu Pini, akamweleza yote, pamoja na kisahani na alama za kalenda.

"Kwa hiyo mlijua," Pini alisema.

"Hatukujua, mwanangu. Hakuumwa popote."

"Mlijua kuna dawa, na mlizificha. Mama, mimi nawafundisha watoto wa kidato cha pili mfumo wa damu. Mngeniuliza."

"Miezi sita tu, Pini. Nipe miezi sita, halafu njoo umwone baba yako."

Katika miezi hiyo Mama Pini alifanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Kila asubuhi alimpa vidonge na kusimama mbele yake mpaka avimeze, afungue mdomo, ainue ulimi. Mara nyingine alivitema. Mara nyingine alisema, "Unanilisha sumu uje uolewe na Redio." Redio, akiwa kwenye cherehani yake, alijibu, "Kaka, mimi naye? Ataniua kwa kunipangia nyuzi." Siku nyingine fundi alicheka. Siku nyingine alitupa kikombe. Aliondolewa mkasi na pasi, akapewa kazi ya kutenganisha vifungo kwa rangi. Aliifanya dakika chache, kisha akavichanganya vyote tena na kusema ndivyo vinavyotakiwa kuwa.

Walinunua kipimo kidogo cha nyumbani. Mama Pini alijifunza kukifunga, na kila jioni aliandika namba kwa kalamu ya wino. Mia na sabini na nane. Mia na sitini na moja. Dawa iliongezwa, akabadilishiwa nyingine, chumvi ikatoka jikoni kabisa. Mia na arobaini na sita. Wiki ya kumi na nne ilisomeka mia na thelathini na mbili kwa themanini, na safari hii ilikuwa ya kweli, ya kila siku, wala haikusubiri alama ya kalenda. Alimwonyesha Redio daftari kama mzazi anayeonyesha cheti cha mtoto. Asubuhi iliyofuata Taratibu alimwomba chai kwa upole, akamwambia, "Ahsante, mke wangu," na Mama Pini aliingia nyuma ya pazia akalia kwa furaha.

Alasiri ya siku hiyohiyo Taratibu alimfungia Redio nje akidai ni mwizi.

Namba zilikaa pale. Zilikaa wiki baada ya wiki, nzuri, tulivu, na yeye alimtazama mumewe akingoja afanane nazo. Pini alikuja wakati wa likizo. Baba yake alimpa mkono kama mgeni, akamwambia, "Karibu, mwalimu. Fundi hayupo, lakini kaa." Pini alikaa. Walizungumza habari za mvua. Alipoondoka hakulia mbele ya mama yake, ila alimshika mkono wenye kovu, akalipapasa kwa kidole, na hakumwita tena baba yake mtu mbaya. Hakuahidi kurudi.

Miezi sita ilipotimia, daktari alisoma daftari jipya ukurasa kwa ukurasa. "Mama, kazi uliyofanya hii, wachache wanaiweza," alisema. Kisha akamgeukia Taratibu. "Baba, wewe ni fundi. Mimi sijui kushona hata kitufe. Nieleze suruali inakatwaje."

Uso wa fundi ulichangamka. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Unaanza na kiuno," alisema. "Unapima kiuno. Halafu..." Mikono yake iliinuka hewani, ikashika futi lisilokuwapo, ikashuka. "Halafu unaanza na kiuno."

"Baada ya kiuno?"

"Dada, sikiliza basi. Unaanza na kiuno!" Akapiga meza. Karatasi za daktari ziliruka.

Nesi alimtoa nje kwa upole kwenda kumpima uzito. Mama Pini alibaki.

"Presha imeshuka, daktari. Umeona mwenyewe."

"Imeshuka, na lazima ibaki hivyo. Bila hivyo angepata kiharusi, na bado anaweza."

"Basi mbona hajarudi?"

Daktari alifunga daftari. "Tumepunguza moto, mama. Vilivyoungua siwezi kuvirudisha, na hakuna dawa inayoweza. Tunalinda kilichobaki."

"Kama tungemeza tangu mwanzo, kila siku?"

"Sijui. Pengine asingefika hapa."

"Kilichobaki kitakaa muda gani?"

"Kitapungua. Kwa baadhi ya watu polepole, kwa wengine ghafla. Nitakuandikia mtu wa kuzungumza naye, maana na wewe..."

Mama Pini alishukuru, akainuka, akachukua karatasi ya dawa bila kuisoma. Alijua kilichoandikwa. Ni vilevile, kila siku, mpaka mwisho.

Walipotoka getini Taratibu alikuwa mbele. Alitembea kwa haraka siku hizi, mabega yameinuka, kama mtu anayechelewa mahali. Kwenye njia panda ya duka la vioo, ambapo miaka yote waligeuka kushoto kwenda nyumbani, aligeuka kulia.

"Baba Pini," mkewe aliita. "Huku."

Aligeuka, na watu waliokuwa karibu walisimama kutazama. "Unanifuata kwa nini? Nani amekutuma? Mwanamke huyu ananifuata tangu asubuhi!"

Mwanamume mmoja aliyebeba vioo alishusha mzigo wake. "Mama, unamfahamu huyu mzee?"

"Ni mume wangu."

"Mbona anasema..."

"Ni mume wangu," alirudia. "Anaumwa."

Mwanamume yule alimtazama Taratibu, shati lake safi, hatua zake imara, akatikisa kichwa kwa namna iliyoonyesha kwamba hakuuona ugonjwa wowote. Wala Mama Pini hakumlaumu. Hata yeye hakuwa ameuona kwa miaka minane, na alilala kitanda kimoja nao.

Fundi alikuwa ameshaanza kwenda tena. Barabara ile ilielekea kwenye maghala, na baada ya maghala hakukuwa na mtu wanayemjua. Kumwita kungemwongezea hasira, na hasira ingepandisha kile walichohangaika miezi sita kukishusha. Mama Pini alikunja karatasi ya dawa, akaitia kifuani. Kisha akaacha hatua kumi kati yao, umbali ambao angeweza kumfikia akianguka lakini mumewe asisikie nyayo zake, akamfuata huko alikokuwa anakwenda.